Kamba ya Katani na Safari ya Kalenga

"Mkwawa alimsaidia Nyerere kuwafukuza Wajerumani."

Jibu hilo nililikuta kwenye karatasi ya mtihani wa Machi 2025, Darasa la Nne. Aliyeliandika si mtoto mzembe. Daftari lake ni safi na mkono haushuki kila ninapouliza swali. Nikaendelea kusahihisha, nikakuta wengine tisa wameandika mambo ya jinsi hiyo. Usiku ule nililala nikijua kwamba kosa ni langu. Kwa miezi miwili nilikuwa nimewaimbisha miaka ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na mwaka wa Uhuru: 1891? Lugalo! 1894? Kalenga! 1898? Mkwawa akajiua! 1961? Uhuru! Miaka waliijua kama wanavyoijua Salamu Maria, ila hawakujua kati ya mwaka mmoja na mwingine kuna umbali gani. Kwao yote yalitokea "zamani", na huko zamani watu wote waliishi pamoja.

Ninafundisha kwenye shule ya msingi ya masista hapa Iringa. Masomo mengi kwetu ni kwa Kiingereza, lakini Historia ya Tanzania na Maadili tunaifundisha kwa Kiswahili, na hilo lilinisaidia mno. Niliweza kuzungumza na watoto kama tunavyozungumza jikoni, bila wao kuhangaika na maneno kabla ya kuhangaika na jambo lenyewe.

Jumamosi nikaenda sokoni nikanunua kamba ya katani. Nikaamua kwamba kila sentimita 10 zitakuwa mwaka mmoja. Jumatatu tukatoka nje kwenye baraza, watoto wakapima wenyewe kwa rula. Tulianzia mwaka wetu, 2025, tukarudi nyuma. Kwenye mita moja tulifunga kitambaa cheupe: hapo wengi wao walizaliwa. Mita 6 na sentimita 40, Uhuru. Mita 10 na sentimita 30, anazaliwa Nyerere, 1922. Kisha tukaendelea kutembea, tukatembea, mpaka mita 12 na sentimita 70, anakufa Mkwawa, 1898. Vita vya Lugalo, Mkwawa alipowashinda Wajerumani, vikaangukia mita 13 na sentimita 40.

Yule mtoto wa jibu la Machi nilimpa kazi ya kusimama kwenye kitambaa cha Nyerere, na mwenzake kwenye cha Mkwawa. Nikawaambia washikane mikono. Wakanyoosha mpaka wakainama, hawakufikiana. "Mwalimu, hawakuonana!" alisema, na uso wake ulibadilika kabisa. Zile mita 2 na sentimita 40 zilizobaki wazi ndizo tulizozijaza wiki iliyofuata: Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na Vita Kuu ya Kwanza, ambayo baada yake Mjerumani alitoka na Mwingereza akaingia. Nyerere alizaliwa bendera ikiwa ni ya Mwingereza. Hakuna aliyekosea tena swali hilo, nami sikulazimika kulikaririsha.

Mmoja akauliza kamba ingefika wapi tukitaka kuweka zana za mawe za Isimila. Tukapiga hesabu ubaoni. Wataalamu wanazikadiria kuwa na umri wa miaka 260,000 hivi. Jibu likatoka kilomita 26. Isimila yenyewe iko kama kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya Mbeya, kwa hiyo tukianza kuvuta kamba Iringa mjini, tungeipita Isimila tukiwa bado tunavuta. Darasa zima lilinyamaza. Ukimya ule wa watoto 42 wanaofikiri kwa pamoja ndio unaonifanya nirudi darasani kila Januari.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kumuuliza mzee yeyote: unakumbuka nini ulipokuwa na umri wangu? Majibu mengi yalihusu njaa, kuchunga na viboko vya shule. Lakini binti mmoja alikuja na habari kwamba bibi yake aliliona fuvu la Mkwawa, lililokuwa limechukuliwa na Wajerumani, likirudishwa Kalenga, Juni 1954. Nikampelekea bibi salamu na ombi. Alikuja amejifunga khanga mbili na kitenge begani, na alipoingia darasani akatusalimu kwa Kihehe, "Kamwene!" Watoto wakaitika kwa sauti moja, hata Wakinga na Wanyakyusa. Nilimsindikiza hadi kwenye mita 7 na sentimita 10, nikamwekea kiti palepale. Alikuwa na miaka kumi siku ile, sawa na waliokuwa wamemkalia chini. Hotuba ya gavana hakuielewa. Alichokumbuka ni vumbi, watu wengi kuliko aliowahi kuwaona, na baba yake akilia. "Sikuwa nimewahi kumwona baba analia," alisema. "Nikafikiri tumefiwa leo." Hakuna kitabu kingeweza kunifanyia kazi ile.

Baada ya bibi kuondoka ndipo maswali magumu yakaanza. Katika shule ya Kanisa maswali haya hayakwepeki, na naamini hayafai kukwepwa.

La kwanza liliulizwa na mtumishi wa altare. Mwalimu, Mkwawa alijipiga risasi mwenyewe. Je, yuko motoni?

Nilimjibu kwamba nitamletea jibu kesho. Jioni nilikwenda kwa Sista mkuu wa shule. Aliitoa Katekisimu ya Kanisa Katoliki rafuni, akanifungulia namba 2283. Inafundisha kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa watu waliojiua, maana Mungu anazo njia anazozijua mwenyewe, na Kanisa linawaombea. Sista akaniongezea la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwamba hata mtu ambaye Injili haikumfikia bila kosa lake anaweza kuokoka akimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Kesho yake nikawaeleza watoto kwa maneno mepesi. Nikawaeleza pia hali yenyewe: miaka minne porini tangu ngome yake ya Kalenga ilipoanguka Oktoba 1894, watu wake wakinyongwa na kuchomewa chakula, zawadi ikiwa imetangazwa kwa atakayeleta kichwa chake. Sikuwaambia kwamba kujiua ni ushujaa. Niliwaambia kwamba hukumu si yetu, yetu ni kumwombea.

La pili lilikuwa zito zaidi kwangu. "Mapadre walikuja na hao waliokata kichwa?" Hapa ningeweza kusema "hapana" na kengele ingenisaidia. Nikasema ukweli. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walitoka Ujerumani, wakafungua misheni kama Tosamaganga mwishoni mwa miaka ya 1890, miaka ileile ya vita. Walipita njia zilizofunguliwa kwa bunduki. Pia walijenga shule na kutibu wagonjwa, na babu zetu wengi walibatizwa kwa hiari yao na kuipenda imani hiyo. Wakonsolata wa Italia waliwafuata baada ya Vita Kuu. Mambo yote hayo ni ya kweli kwa pamoja. Nilihofu mzazi angelalamika. Hakuja hata mmoja, na Sista aliposikia alisema tu, "Mtoto akidanganywa kuhusu Kanisa, siku moja atajua, na hatatuamini tena kuhusu Mungu."

La tatu halikuwa swali. Kijana mmoja wa Kisangu, kwao Mbarali, alisema wenzake wanamzomea kwa kuwa Merere, mtawala wa Wasangu, alikuwa upande wa Wajerumani. Nikalitumia hilo kipindi kizima. Wahehe chini ya Munyigumba, baba yake Mkwawa, waliwafukuza Wasangu kwao Utengule, na Merere alimwona Mjerumani kuwa mtu wa kumrudisha nyumbani. Ukisimama alipokuwa amesimama, unaona analoliona. Nikawakumbusha pia kwamba pale Lugalo hawakufa Wajerumani peke yao, akina Zelewski, kamanda wao. Waafrika zaidi ya 200 waliokuwa askari na wapagazi wao walikufa siku ileile, na Wahehe wengi pia. Kuzomea kukakoma, walau mbele yangu.

Julai tukakodi Coaster mbili kwenda Kalenga. Njiani niliwasimulia jinsi Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, ulivyoitaka Ujerumani irudishe fuvu, na jinsi ilivyochukua miaka 35. Niliwaambia pia kwamba gavana Edward Twining alilichagua kati ya mafuvu mengi kwenye makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa, na kwamba wapo wanaotilia shaka kama ni lenyewe. Walibishana mpaka tunashuka.

Ndani ya makumbusho hawakubishana. Walikizunguka kile kisanduku cha kioo kimyakimya. Mlinzi alikuwa anaanza maelezo yake ndipo yule mtumishi wa altare alipofanya ishara ya msalaba na kusema, bila kuniangalia, "Raha ya milele umpe, ee Bwana."

"Na mwanga wa milele umwangazie," wakaitika wote, pamoja na wale wawili Waislamu wa darasa langu, ambao sala hiyo wameisikia mara nyingi shuleni. Mlinzi alivua kofia yake.

Tukiwa tunapanda gari, mjukuu wa yule bibi alinivuta mkono. "Mwalimu, na kama si lake? Tumemwombea nani?"

Nilimwambia kwamba huyo naye alikatwa kichwa, na naye hajulikani kwao ni wapi. Akafikiri kidogo, akarudi mbio hadi mlangoni, akafanya ishara ya msalaba mara ya pili, ndipo akaja kukaa.