"Kwani ina maneno?"

"Mjomba, hiyo si nyimbo bwana. Hiyo ya kujifunzia tu."

Yote mawili aliyasema mpwa wangu, bila ubaya, tena anacheka, gitaa liko mapajani mwake. Mimi nikajibu "Haya" nikaenda kuswali. Lakini tangu Jumapili neno lile halijanitoka. Harusi ya binti wa ba' mdogo imepita salama, Bi Mkubwa kafunguliwa kitambaa cha jicho na anaona, alhamdulillahi, bandarini wametubadilishia zamu tena. Yote hayo nayasikia kwa mbali. Ninayoyasikia karibu ni "ya kujifunzia tu".

Mpwa wangu mnamjua, huyu wa dada wa Temeke, aliyeshuka boti na gitaa mgongoni kubwa kuliko hata begi la nguo. Alikaa barazani akipiga ule mwanzo wa "Smoke on the Water", wimbo wa bendi ya roki ya Deep Purple. Anaupiga kwa uzi mmoja, kwa kile kiplastiki cha kudonolea, mbio mbio, akifika mwisho anarudi mwanzo. Nikamwambia, "Endelea basi, wimbo ndiyo kwanza unaanza." Ndipo akanijibu hilo la kujifunzia. Na kabla sijapata la kusema akaongeza, kwa mshangao wa kweli kabisa:

"Kwani ina maneno?"

Ina maneno, mwanangu! Tena ni katika nyimbo chache za roki ambazo kila ubeti wake ni habari ya jambo lililotokea, mahali panatajwa, watu wanatajwa. Nimekuwa nikimjibu kichwani wiki nzima, kwenye daladala, kazini, hadi kitandani. Nikaona bora niandike.

Desemba 1971 Deep Purple walifika Montreux, mji wa Uswisi ulio kando ya Ziwa Geneva. Walikuja kurekodi albamu, si kutumbuiza. Kasino ya mji ilikuwa inafungwa kwa msimu wa baridi, nao wangeachiwa ukumbi mtupu. Walikodi studio ya Rolling Stones, ile iliyojengwa ndani ya lori, waiegeshe nje na kuvuta waya hadi ndani. Limebaki onyesho moja tu kabla ya kufunga, la Frank Zappa na kundi lake la Mothers of Invention, tarehe 4. Wao wenyewe wakaingia kutazama.

Katikati ya onyesho, mtu mmoja kati ya watazamaji akafyatua bastola ya fataki kuelekea juu. Dari lilikuwa la henzirani. Likashika moto. Zappa akasimamisha muziki, akawaambia watu watoke taratibu. Claude Nobs, mwanzilishi wa tamasha la jazi la Montreux, aliyewaalika Deep Purple mjini, alirudi ndani ya moshi kuwatoa vijana. Jina lake la Claude limo ndani ya wimbo kwa sababu hiyo. Kasino yote iliteketea, vyombo vya Zappa vikaungua, na hakuna aliyekufa. Wanamuziki wakakaa hotelini wakitazama moshi unavyotanda juu ya maji ya ziwa, na ukumbi waliokuja kuutumia unageuka majivu.

Hapo ndipo ninapotaka mpwa wangu atulie asikilize, maana sasa linakuja gitaa.

Nobs akawatafutia ukumbi mwingine katikati ya mji, Pavilion. Wakafunga vyombo, wakaanza kurekodi usiku, na Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wao, akaja na ule mlio. Kelele zikawaamsha majirani. Polisi wakaja, wakawa wanagonga milango, na mafundi wa bendi wakaishikilia isifunguke hadi wenzao ndani wamalize kupiga. Walitolewa, hawakuruhusiwa kurudi. Wimbo mmoja tu ndio walioondoka nao katika ukumbi ule, na ndio huu.

Sasa sikiliza anachofanya Blackmore. Hapigi uzi mmoja. Anavuta nyuzi mbili kwa pamoja, kwa vidole, bila kiplastiki, na zile sauti mbili zimepishana hatua nne za ngazi ya muziki. Ndiyo maana mlio ni mzito na una ukali ambao uzi mmoja hauwezi kuutoa hata uongeze sauti ya spika. Noti zenyewe ni nne, kweli, mtoto wa darasa la tano atazipata. Kisha yanaingia matoazi ya Ian Paice, kidogo kidogo. Kisha kinanda cha Jon Lord, Hammond aliyoipitisha kwenye spika za gitaa mpaka ikanguruma, nacho kinapiga yale yale anayopiga Blackmore, ukiwa mgeni hujui gitaa liko wapi na kinanda kiko wapi. Kisha ngoma zote. Besi ya Roger Glover inaingia ya mwisho, na hapo ndipo wimbo unaposimama kwa miguu yake. Mpwa wangu anaishia mlangoni kila siku na kurudi!

Lakini nilipofika hapa, Jumatano usiku, nimekaa na spika za masikioni, hasira ikaniishia. Maana kweli, usiku ule wa Pavilion, ungemwuliza yeyote kati yao, "Kwani ina maneno?", jibu lingekuwa hapana. Ulikuwa muziki mtupu. Hauna jina. Waliubeba hivyo hivyo hadi Grand Hotel, hoteli iliyofungwa kwa baridi, wakaweka vyombo kwenye ukumbi wa chini na kuziba sauti kwa magodoro. Njia ya kutoka pale hadi kwenye lori ilikuwa ndefu, vyumba na baraza, hata wakachoka kwenda kusikiliza walichorekodi. Maneno yalikuja mwishoni. Glover aliamka asubuhi moja na lile jina mdomoni, moshi juu ya maji. Wakasita kidogo, wakihofia watu watadhani unahusu dawa za kulevya. Kisha yeye na Ian Gillan, mwimbaji wao, wakaandika tu yaliyowapata, kuanzia safari yao mpaka ile hoteli ya baridi.

Na wao pia hawakuuona kuwa ni wimbo wa kutangulizwa. Albamu ya Machine Head ilipotoka Machi 1972, waliutegemea "Never Before". Huu ukatolewa peke yake Marekani mwaka 1973, ukafika nafasi ya 4 kwenye chati ya nyimbo ya Billboard. Basi kama waliouzaa walichelewa kuujua, kijana wa kidato cha tatu nimlaumu nini?

Kilichonibakia moyoni sasa ni lile dari. Harusi ya Ijumaa tulikuwa chini ya paa la makuti, watu wamejaa, watoto wamekaa chini mbele ya jukwaa, na vijana wanawasha fataki pale nje karibu na mlango. Niliwaona. Nikala pilau yangu nikaendelea na mazungumzo. Nimeandika habari za henzirani ya Montreux na mikono inanitoka jasho.

Kuna na jambo jingine nitakalomwambia, hili kwa furaha. Kasino ilijengwa upya, ikafunguliwa 1975, na humo ndani ikawekwa Mountain Studios, ambayo bendi ya Queen waliinunua mwaka 1979. Freddie Mercury, mwimbaji wao, aliyezaliwa hapa hapa Unguja mwaka 1946, alirekodi pale hadi karibu na kifo chake, na sanamu yake imesimama ufukweni mwa ziwa lile lile lililofunikwa na moshi. Mpwa wangu kapita nyumba ya Freddie pale Shangani mara ngapi akienda Forodhani, na hajui kwamba njia ya gitaa lake na njia ya mtoto wa Mji Mkongwe zinakutana katika jengo moja. Kesho baada ya Alasiri nitamkalisha, tuusikilize mpaka mwisho, kisha nimwonyeshe nyuzi mbili.

Halafu hili la kisima. Maji tangu juzi yana chumvi, chai imegoma kukolea sukari, na jirani wa upande wa msikiti anasema kwake ni hivyo hivyo. Fundi anataka tuchimbe zaidi. Nahofia tukichimba zaidi ndiyo tutaifuata bahari yenyewe. Mwenye kujua fundi mwaminifu wa visima upande wa Bububu aniandikie, tafadhali, maana ndoo za kununua zimeshaanza kutuelemea.