Presha 16 ilinijaza tumbo upepo: nilivyojifunza kuisoma mashine yangu ya usingizi hapa Mtwara

Naendesha lori la korosho. Msimu ukifunguliwa mwezi wa kumi, kazi yangu ni maghala ya Tandahimba na Newala mpaka bandarini Mtwara. Msimu wa mwaka juzi, asubuhi kweupe, nimeipita Mnivata, nikasinzia kwenye usukani. Tairi za kushoto zikaingia mchangani, utingo akapiga ukelele, nikazinduka. Na usiku ule nilikuwa nimelala masaa nane kamili.

Mjomba wangu wa Nanyamba alisema ni jinamizi, nitafutiwe mtu wa kunisomea. Jirani yeye alishaniambia zamani kwamba mtu anayekoroma ndiye anayefaidi usingizi. Huyu wa pili amenikera mpaka leo, kwa sababu niliridhika na maneno yake karibu miaka mitatu. Aliyeuona ugonjwa wenyewe, wa kukatika pumzi usingizini, ni mke wangu, Mama Asha. Alikuwa anakaa macho ananisikiliza: nakoroma, halafu kimya, kifua kinahangaika kupanda na kushuka lakini puani hakutoki kitu, kisha naibuka kwa kishindo kama mzamiaji pweza. Ndipo ananitikisa bega nigeuke.

Kipimo nilifanyia Dar. Nilipewa kifaa nikaenda kulala nacho kwa dada yangu: mkanda kifuani, mrija puani, kibanio kidoleni. Laki kadhaa zilikwenda. Majibu yakaja karatasi mbili, yote Kiingereza, na juu kabisa pameandikwa AHI 38. Nikadhani ni 38 kwa mia, kama alama za mtihani, nikasema basi nina nafuu. Daktari akatikisa kichwa. Hiyo 38 ni idadi ya mara pumzi inapokatika au kupungua sana katika kila saa moja, na pumzi haihesabiwi kuwa imekatika mpaka ipite sekunde 10. Kifaa kilirekodi masaa sita. Nikapiga hesabu palepale kitini: mara 228 usiku mmoja. Chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni tatizo dogo, 15 hadi 30 ni la wastani, kuanzia 30 ni kali.

Ukipewa karatasi kama ile usiishie kwenye namba ya juu. Yangu ilikuwa na mstari wa oksijeni ya damu iliyoshuka mpaka asilimia 74, na mstari mwingine uliotenganisha mikao: nikilala chali 61, nikilala ubavu 17. Kumbe mkono wa Mama Asha uliokuwa unanigeuza kila usiku ulikuwa tiba, ingawa haikutosha.

Mashine ya CPAP nikanunua kwa hela ya msimu, milioni mbili na ushee pamoja na barakoa yake. Hainipi oksijeni. Inasukuma hewa hii hii ya chumbani ili koo lisilale na kujifunga. Daktari aliiweka ijiongoze yenyewe kati ya presha 6 na 14, yaani nguvu ya kusukuma hewa. Wiki mbili za kwanza nililala vizuri zaidi ya zamani, lakini kila asubuhi skrini ilisema AHI iliyobaki ni 11, 12, siku nyingine 13. Tulitegemea ishuke chini ya 5.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu wa Lindi. Ana jamaa yake Dar anayetumia mashine kama hii kwa presha 16, basi akaniambia, "Shemeji, hiyo yako iko chini, ongeza." Akanionyesha vitufe viwili vya kubonyeza kwa pamoja mpaka ukurasa wa daktari ufunguke. Nikaitoa kwenye kujiongoza, nikaikaza 16.

Usiku ule sitausahau. Barakoa ilikuwa inanyanyuka usoni na kupuliza upepo kwenye jicho la kushoto. Nikavuta mikanda mpaka ikaniachia alama mashavuni. Kufika alfajiri tumbo limejaa hewa, gumu kama ngoma, nimekunja magoti siwezi kunyooka, na Mama Asha yuko jikoni anachemsha tangawizi. Skrini ikasema AHI 19. Nimeongeza presha na ugonjwa umepanda! Nikapiga simu Dar nikiwa bado nimeshika tumbo.

Daktari hakunigombeza. Alisema, "Mzee wangu, irudishe kama nilivyoiweka. Kisha nitumie picha ya skrini, namba zote tatu, si moja." Tatu hizo ni presha, AHI iliyobaki na uvujaji, yaani hewa inayotoroka pembeni ya barakoa. Mimi huo uvujaji sikuwahi hata kuufungua. Akanieleza pia kwamba presha ikizidi mahitaji ya mtu, kuna watu ubongo wao husahau kuamuru pumzi, ikakatika bila koo kuziba. Na presha ya yule jamaa wa shemeji ni ya koo la jamaa huyo.

Bado neno lenyewe presha lilinisumbua. Hapa mtaani Chikongola ukisema presha yako ni 16 wanadhani unakwenda kupooza. Jirani yetu muuguzi wa wodi ya watoto ndiye aliyenifungua macho. Alisema watoto njiti wanasaidiwa kupumua kwa mpira ambao ncha yake imezamishwa kwenye chupa ya maji, na kina cha maji ndiyo presha yenyewe. Sentimita sita za maji, presha 6. Ya damu hupimwa kwa zebaki, ambayo ni nzito kuliko maji mara 13 na zaidi, kwa hiyo namba hizo mbili hazikutani kabisa.

Nikataka kuiona kwa macho. Nikanunua mita moja ya ule mpira mweupe wa levo wanaotumia mafundi ujenzi, nikachukua rula ya Asha, nikaweka alama za wino kwenye mpira: 4, 6, 9, 14, 16. Ndoo ya maji uani. Ukizamisha mpaka 4, unapuliza kidogo tu mapovu yanatoka. Kwenye 9 unalisikia kooni. Kwenye 16 mashavu yanajaa, na ukijaribu kupumua hivyo dakika nzima utaacha. Watoto wa jirani walipanga foleni kupuliza. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikielewa, kwa mara ya kwanza, nilichokuwa nimekifanyia kifua changu usiku mzima.

Sasa uvujaji. Mama Asha alikaa na tochi, mimi nimelala, mashine inapuliza, akapitisha mgongo wa mkono uliolowa maji kuzunguka barakoa. Upepo ukamgusa sehemu mbili: kwenye sharubu, na pembeni ya pua kila nilipogeukia kushoto mto ukasukuma plastiki. Sharubu nilizofuga tangu ujana nikazinyoa. Mikanda nikailegeza, maana ukikaza sana ule mpira laini wa barakoa unajikunja na hewa inapita kwenye mikunjo. Siku hizi naifunga nikiwa nimeshalala na mashine inapuliza, si nimekaa kitandani. Na kila asubuhi naiosha barakoa kwa sabuni itoke mafuta ya uso.

Usiku wa tatu AHI ilikuwa 4. Wiki iliyofuata 2.6. Na presha, bila mimi kugusa chochote, ilishuka: kwa sehemu kubwa ya usiku haivuki 9, wakati zamani ilikuwa inapanda mpaka 13 ikikimbizana na hewa inayopotea.

Umeme ukikatika nina betri ya lori na inveta. Kile kipasha maji cha mashine, kinachotia hewa unyevu, nakizima, hewa ya Mtwara ina unyevu wa kutosha na betri inafika asubuhi. Humo maji ya kisima msiweke, yangu yaliacha ukoko mweupe ndani ya wiki.

Msimu uliopita nimekwenda Newala na kurudi sijui mara ngapi, utingo ndiye anayelala. Mjomba alikuja Iddi, akapuliza mpira kwenye ndoo, akauliza maswali mengi kuliko daktari. Mkewe akasema na huyu hukata pumzi usiku. Akishalipwa korosho zake nampeleka Dar mwenyewe.