Jinsi tulivyookoa nusu ya uwanja ulio mbele ya hospitali

Bango lilifungwa kwa waya kwenye shina la mti, na maandishi yake yalikuwa madogo mno, ikanibidi nisogee karibu kabisa. Jengo la ghorofa 12, maduka chini, maegesho ya magari, na "eneo la wazi asilimia 35". Maoni ya wananchi yapokelewe ndani ya siku 28. Nilikuwa nimempeleka mama kubadilishwa bandeji, naye ameketi kwenye benchi akinisubiri, kama tulivyozoea kila wiki tangu alipotoka wodini.

"Wameandika nini hapo, mwanangu?"

Nikamwambia wanataka kujenga. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na sisi tutakaa wapi?"

Kwa swali hilo nilihangaika miezi minane. Naandika tulivyofanya kwa sababu najua viwanja vya namna hii viko mbele ya hospitali nyingi mijini, na wanaovitumia zaidi huwa na mgonjwa ndani, hawana nafasi ya kusoma mabango.

Uwanja wenyewe si bustani ya kupigia picha. Ni kama mita za mraba 5,300, majani yamekatika katikati kwa sababu watoto huchezea mpira, miti mikubwa mitatu upande mmoja, mabenchi sita, mawili yamevunjika. Upande wa mashariki ni lango la hospitali na mlango wa dharura, nyuma ni nyumba zetu. Mama alipolazwa wiki tatu, pale ndipo nilipokuwa nangoja saa za kuona wagonjwa. Pale ndipo nilipopigia simu ndugu zangu kuwaambia nisiyoweza kuyasema mbele yake.

Kikao cha kwanza tulikiharibu wenyewe. Tulijaa ukumbini, tukapaza sauti, mwakilishi wa mwekezaji akatusikiliza kwa adabu, akatuonyesha picha za rangi zenye miti mingi, akaondoka. Hakuna hata sentensi moja yetu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao isipokuwa "wananchi walionyesha wasiwasi". Usiku ule jirani mmoja alimtaja Wangari Maathai, jinsi mwaka 1989 alivyosimama kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wengi humkumbuka kwa ujasiri, na ni haki yake. Mimi nilichokishika ni kwamba aliandika barua, nyingi, kwa kila ofisi iliyohusika na hata kwa waliotarajiwa kutoa fedha, akitaka majibu. Kesho yake nikaenda ofisi ya mipango miji kuomba michoro.

Walinipa nakala kubwa ya karatasi ambayo sikuweza kuisoma. Nikampelekea mzee mmoja wa mtaani kwetu, mpima ardhi mstaafu. Akaitandaza sakafuni, akaweka rula, akaniambia, "Skeli ni moja kwa mia tano. Sentimita moja hapa ni mita tano kule. Usisome maneno kwanza, pima." Tukapima jioni nzima. Ile asilimia 35 ni mita za mraba 1,855, na kwenye mchoro zilikuwepo kweli, zimepakwa kijani. Ila karibu 700 zilikuwa juu ya paa la maduka, zinafikiwa kwa lifti ya wakazi. Nyingine 350 zilikuwa kingo za njia ya magari ya kushukia maegesho. Nyingine zilikuwa ukanda wa mita mbili unaozunguka jengo, ambapo huwezi kuweka benchi bila kumziba mpita njia. Mahali ambapo mtu aliyetoka hospitali angeweza kuingia na kuketi chini ya anga palibaki kama mita za mraba 500, kwenye kona iliyo mbali na lango.

Ninachomwambia kila anayeniuliza ni hiki: wakikwambia asilimia ya eneo la wazi, uliza ni wazi kwa nani, na liko kwenye usawa wa ardhi au juu ya paa. Swali hilo moja lilitupa nguvu kuliko makelele yote ya kikao cha kwanza.

Tulikuwa bado hatuna jibu la swali ambalo mwekezaji angeuliza, na aliuliza: "Ni nani hasa anayetumia uwanja huu? Kila nikipita naona watoto wachache." Alikuwa anapita mchana, kwa gari. Tukagawana zamu watu tisa, tukaingia na madaftari kwa siku saba mfululizo, tukihesabu kila baada ya saa moja kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku. Hatukumuuliza mtu jina wala ugonjwa. Tuliandika tu: ameketi, anapita, anacheza, anakula, amelala, na kama ana alama yoyote ya hospitali. Alama zilikuwa nyingi kuliko tulivyofikiri. Pamba na plasta nyuma ya kiganja. Bahasha kubwa ya kaki. Sare za wauguzi zilizofunikwa na sweta.

Mimi nilichukua alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu wauguzi wa zamu ya usiku walitoka, wanne au watano, wakaketi kwenye benchi lile lile bila kuongea sana, wakala walichobeba, mmoja akavua viatu na kuweka nyayo kwenye majani yenye umande. Walikaa dakika ishirini hivi kisha wakatawanyika. Siku ya tatu yule aliyevua viatu aliniuliza ninaandika nini. Nilipomweleza akasema, "Dada, nikienda nyumbani moja kwa moja watoto wananipokea nikiwa bado na wodi kichwani. Hapa ndipo ninapoiacha." Nilimwomba ruhusa ya kuyaandika maneno hayo bila jina lake, akakubali.

Siku ya tano alikuja baba mmoja mtu mzima, akatoa filamu ya eksirei kwenye bahasha, akaiinua juu kuelekea mwanga wa anga na kuitazama muda mrefu. Mkono ulipochoka akabadilisha mkono. Kisha akaiteremsha taratibu, akaipangusa kwa shati, akairudisha kwenye bahasha na kukaa. Sikujua alichokiona, wala sidhani kama yeye alijua, lakini hakuna mahali pengine ndani ya lile eneo ambapo mtu angeweza kusimama na kitu hicho bila kusukumwa. Nikaandika kwenye daftari: saa tatu na robo, mtu mmoja, ameketi, bahasha.

Tulipojumlisha, zaidi ya nusu ya walioketi walikuwa na alama ya hospitali. Sisi majirani tulikuwa wachache. Matokeo hayo yalinibadilisha hata mimi, kwa sababu mpaka wakati huo nilikuwa nasema "uwanja wetu".

Basi nikaenda hospitali. Nilitegemea wangekuwa mstari wa mbele, kumbe walikuwa hawajatuma maoni yoyote, kwa vile kiwanja si mali yao. Niliyempata wa kwanza alikuwa fundi mkuu wa majengo, na nilipomwonyesha mchoro aliguna. Akafungua droo, akatoa mpango wa kuhamisha watu moto ukitokea. Mahali pa kukusanyikia wagonjwa wa jengo la mashariki palikuwa ni ule uwanja. Miaka yote umetegemewa na hakuna aliyewahi kuuandikia mkataba. Juma lile lile uongozi ukaandika barua.

Daktari mmoja wa upasuaji aliongeza jambo ambalo sisi tusingelijua: vumbi la ubomoaji na uchimbaji hubeba mbegu za kuvu aina ya Aspergillus, ambazo kwa mtu mwenye afya hazina neno lakini kwa mgonjwa aliyepungukiwa kinga, kama wa saratani, zinaweza kuua. Akataka masharti ya kumwagia maji, kufunika malori na kupima hewa yaandikwe ndani ya kibali chenyewe, badala ya kuachwa kuwa ahadi ya mkandarasi. Yaliandikwa.

Yeye ndiye pia aliyeniambia kuhusu utafiti wa Roger Ulrich uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 1984. Ulrich alichukua kumbukumbu za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, kati ya 1972 na 1981, akalinganisha 23 waliokuwa na dirisha linaloangalia miti na 23 walioangalia ukuta wa matofali. Wa miti walikaa wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, wa ukuta siku 8.70, na wa miti walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo. Ni utafiti mdogo, nami niliusema hivyo hivyo mbele ya kamati ya kutoa kibali. Lakini wodi mbili za mashariki zinatazama miti yetu mitatu, na kwenye mchoro zingetazama ukuta wa maegesho.

Miti nayo ilikuwa na kisa chake. Mchoro uliandika "itahifadhiwa", na tulipumua. Mzee wa upimaji akasema tupime shina. Mti mkubwa una mzingo wa sentimita 251, yaani kipenyo cha sentimita 80. Kanuni inayotumika Uingereza hulinda mizizi ndani ya duara ambalo nusu kipenyo chake ni mara 12 ya kipenyo cha shina, kwa hiyo mita 9.6 kutoka shinani pasichimbwe. Mtaro wa nyaya ulichorwa mita nne. Mti ungebaki umesimama siku ya ufunguzi, ukauke baada ya miaka michache, na wakati huo hakuna ambaye angekumbuka kuuliza.

Hoja iliyowagusa wahandisi ilikuwa ya maji. Uwanja uko juu kidogo ya mlango wa dharura. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu ya mtoto wa shule. Mvua ya milimita 30 juu ya mita za mraba 5,300 ni lita 159,000. Udongo hauzinywi zote, lakini huzichelewesha. Ukipaka saruji karibu kote, zinateremka kwa pamoja, na gari la wagonjwa linapita huko huko. Tulipofika hapo mhandisi wa mwekezaji aliacha kuangalia simu yake, akaomba nakala ya hesabu.

Barua yetu ya mwisho ilikuwa kurasa nne, na kila ukurasa uliishia kwa ombi linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana. Hatukuomba mradi ufutwe. Hilo lilituletea ugomvi kati yetu, na majirani wawili hawasemi nami mpaka leo. Wao waliona tukikubali jengo tumeuza. Mimi niliona mji unahitaji nyumba, wauguzi wenyewe wanatafuta pa kupanga, na kamati ingechagua kati ya mchoro wao na kelele zetu kama tusingeweka mchoro wa tatu mezani. Bado naamini hivyo, ingawa nawaelewa.

Mchoro wa tatu aliuchora msanifu majengo kijana, mpangaji wa nyumba ya jirani, kwa kujitolea. Jengo likasogezwa upande wa magharibi, likawa jembamba na refu zaidi, njia ya magari ikahamia barabara ya nyuma. Kamati iliirudisha kazi kwa mwekezaji mara mbili. Kilichopitishwa kimebakiza mita za mraba 2,900 kwenye usawa wa ardhi, mbele ya lango, wazi saa zote, na haki ya umma kupita na kukaa imeandikwa kwenye hati ya kiwanja ili mmiliki mwingine akija isifutike. Mtaro wa nyaya umehamishwa. Sehemu ya katikati imeshushwa sentimita 20 kwenye eneo la mita za mraba 600, ishike maji ya mvua hadi lita 120,000 kabla hayajateremka.

Tulichopoteza ni uwanja wa mpira. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza mwaka 2017 kwamba mkazi wa mjini awe na eneo la kijani la walau nusu hekta ndani ya mita 300 kutoka kwake. Uwanja wetu ulifika kiwango hicho, sasa haufiki. Watoto wanachezea kwenye barabara ya nyuma, ile ile iliyohamishiwa magari, na nimeanza kuandika barua kuhusu hilo: matuta mawili na barabara ifungwe jioni.

Nilijifunza kuwa mabenchi yanastahili kupiganiwa kama mita za mraba. Mchoro wa mwisho ulikuja na mabenchi yasiyo na egemeo, yenye vyuma katikati ili mtu asilale. Tukarudi kwenye madaftari: waliolala tuliowahesabu walikuwa wengi wao ndugu wa wagonjwa, mchana, baada ya kukesha. Vyuma vikaondolewa. Mama akataka mikono ya kushikia, kwa sababu aliyetoka kupasuliwa tumbo hawezi kujiinua bila kushika kitu. Ikaongezwa pembeni.

Ujenzi unaendelea. Juzi nilimpeleka mama tena, tukaketi kwenye benchi jipya chini ya mti mkubwa, uzio wa kulinda mizizi bado umeuzunguka. Alipotaka kuinuka akashika mkono wa benchi, akajaribu mara moja, ya pili akasimama. Akauangalia, akaniambia niwaambie mafundi wauinue kidogo, uko chini mno. Nimeshaandika.