Anwani yangu ni Kalebuka

Nakaa Kalebuka, pembeni mwa Lubumbashi. Juzi saa kumi na moja alfajiri nilikuwa barabarani na dosie mkononi: demande (barua ya kuomba kazi), diploma, kopi ya karte ya uchaguzi. Rafiki alikuwa amenipigia usiku kwamba kule industriel, mtaa wa viwanda wa Kampemba, kuna kiwanda kinachukua mafundi umeme. Kutoka Kalebuka ni basi moja hadi mjini, kisha la pili. Kwenda na kurudi, franga 4,000. Ni pesa ya unga wa bukari. Mke wangu alinipa bila kusema neno, na mimi ningependa angesema.

Nilifika saa moja na nusu. Mlinzi akauliza, "Papa, unakaa wapi?"

"Kalebuka."

"Aa. Wenzako wa Bel-Air walifika saa kumi na mbili, kwa miguu. Halafu bosi anataka mtu wa karibu. Mashine ikifa usiku, wewe utakuja na nini?"

Sikuwa na jibu.

Baba yangu hakuwahi kupanda basi kwenda kazini. Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ilimpa nyumba kambini. King'ora kikilia anatoka, lile bomba refu la moshi liko mbele yake. Huo mpango ni wa zamani, wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyotangulia Gécamines: mfanyakazi alale karibu na tanuru, na wazungu wakae mbali ng'ambo ya eneo lililoachwa tupu. Haikuwa huruma. Ila kitanda na kazi vilikuwa majirani. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka, ile tunayoita départ volontaire, kuondoka kwa hiari, na watoto wao wengi leo wana viwanja kule mji unakoishia, kwa sababu ndiko bei inakoshikika.

Mpwa wangu anayesoma uchumi Kasapa, chuo kikuu chetu, ananiambia John Kain, Mmarekani, aliandika mwaka 1968 juu ya weusi wa Chicago na Detroit: ubaguzi umewabana ndani ya mji, ajira zinahamia pembeni. Nikamwambia mimi nimebanwa pembeni, ajira ziko ndani. (Za migodi ya Kolwezi, kilomita kama 300, sizihesabu.)

Jana nimeandika demande nyingine. Kwenye anwani nimeweka ya shangazi, Bel-Air. Amekubali, ila nikiitwa nije na godoro langu. Kwake watoto ni sita.