Robo Dakika

Jana usiku binti yangu alikuwa amelala kifudifudi mkekani, kompyuta mbele yake, nami nyuma yake naitazama filamu ya "That Thing You Do!" kwa jicho moja. Wale vijana wa bendi ya Erie, Marekani, walikuwa wameshatoa sahani yao ya santuri, na yule msichana yuko barabarani, kisikilizio cha redio sikioni. Alipopiga ukelele na kutoka mbio, nikasema, "Sasa itaruka."

Haikuruka. Alikimbia hadi mwisho wa mbio zake.

"Iruke kwa nini, Baba?"

Nikamwambia ni mambo ya kanda. Akaniuliza kanda gani, nikaona hadithi itakuwa ndefu na kesho ana shule. Basi ni hii.

Ilikuwa mwaka wa El Nino, 1997, pale dukani Mwembe Tayari, nami nikimsaidia Fundi, mtu wa koti la buluu, kutengeneza kanda za video. Mvua zile zilitupa kazi nyingi. Unyevu wa Mombasa siku za kawaida tu unatosha kuotesha kuvu ndani ya kanda ya video. Mwaka ule kanda zilikuja zina unga mweupe pembeni mwa utepe, waonekana wazi ukitazama kidirisha kile cha plastiki. Kanda ya namna hiyo haitiwi kwenye deki, ile mashine ya kuichezea. Kuvu lile huhamia kwenye ngoma ya deki, ile silinda yenye vichwa vya kusomea picha, na kutoka hapo huambukiza kila kanda itakayofuata. Kwanza yafunguliwa, utepe wapitishwa taratibu katikati ya kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, kutoka gurudumu moja hadi jingine, ndipo inajaribiwa.

Kanda yenyewe ilikuwa ya Ami mmoja, mpiga ngoma wa bendi ya hoteli huko Pwani ya Kaskazini. Ilikuwa hiyo hiyo "That Thing You Do!", filamu ya kwanza ya sinema aliyoiongoza Tom Hanks, ya 1996. Mwaifahamu: bendi ya mwaka 1964, wimbo mmoja, chati, televisheni, halafu kwisha. Ami aliipendea jambo moja. Mtunzi aliuandika wimbo ule uwe wa polepole, wa kubembeleza. Mpiga ngoma wao akavunjika mkono, akatafutwa wa kushikilia nafasi, na huyo wa kushikilia alipopanda jukwaani akauanza mbio. Wengine ikabidi wamfuate. "Waona mwanangu," aliniambia, akigonga kioo cha meza yetu kwa vidole viwili, "watu husema mwimbaji, mwimbaji. Aliyeufanya wimbo ni yule wa nyuma." Yeye kila usiku alikuwa akiwapigia watalii "Jambo Bwana", kama bendi zote za hotelini, na kila usiku, alisema, kulikuwa na mtu wa gitaa anayetaka kuukimbiza.

Kanda niliisafisha vizuri. Kosa lilikuwa kwenye deki.

Fundi alikuwa ametoka kwenda kuswali Alasiri. Deki ya majaribio niliisafisha asubuhi mwenyewe: spiriti kidogo kwenye ngozi laini, ngozi ishikiliwe imetulia, ngoma izungushwe kwa kidole, na kamwe usisugue kwenda juu na chini kwani vichwa ni vidogo kama chembe ya mchanga na huvunjika. Nilipanguza na ile rola ya mpira inayouvuta utepe. Nilichokiacha ni kile kitairi kidogo kinacholizungusha gurudumu la kupokelea. Mpira wake ulikuwa umekuwa mgumu, unang'aa, na mpira unaong'aa unateleza.

Sasa, deki hula kanda hivi. Rola huuvuta utepe kwa mwendo mmoja usiobadilika, kiasi cha sentimita 2.34 kwa sekunde kwa kanda zetu za PAL, mfumo wa video uliotumika kwetu. Gurudumu la kupokelea kazi yake ni kuukunja utepe ulioshavutwa. Kitairi kikiteleza, rola yaendelea kuvuta, gurudumu limesimama, na utepe wamwagika ndani kama tambi. Picha haikwambii kitu. Kwenye skrini mambo ni mazuri kabisa, kwa kuwa kinachomwagika ni kile kilichoshasomwa. Kuna kihisi cha kuisimamisha deki gurudumu lisipozunguka, lakini cha ile deki kilikuwa na vumbi. Nami nilikuwa naangalia filamu. Yule msichana anakimbia, redio i sikioni, wimbo wao unachezwa hewani kwa mara ya kwanza. Nani angeangalia deki?

Nilisikia mkwaruzo. Nikafanya lile lisilofanywa: nikabonyeza kitufe cha kutoa kanda.

Fundi aliporudi alikuta kanda imetoka nusu, mlango wake umeubana utepe, na mkono wangu uko hewani.

"Usivute."

"Sijavuta, Fundi."

"Wataka kuvuta. Chomoa umeme."

Akafungua kifuniko cha deki, akaizungusha puli ya mota kwa kidole mpaka mikono miwili ya ndani ikaurudisha utepe wenyewe, kisha akauinua kutoka kwenye rola kwa penseli. Kilichotoka kilikuwa kimekunjamana kama karatasi ya peremende. Utepe uliolegea tu warudishwa. Uliopata mikunjo mikali hauna dawa, kwani kila mkunjo utapiga vichwa vinavyozunguka mara 25 kwa sekunde. Akaupima kwa rula ya chuma, kutoka mkunjo wa kwanza hadi wa mwisho.

"Senti thalathini na tano. Gawa."

Nikazigawa kwa ule mwendo wa utepe, nikiandika kwenye gazeti. Sekunde 15.

"Mwambie mwenyewe," akasema. "Lakini kwanza unganisha. Mimi natazama."

Hapo ndipo ninapopakumbuka kuliko siku nzima. Mvua juu ya mabati, taa ya mezani, harufu ya spiriti. Skrubu tano chini ya kanda. Ukishazitoa zote unabana ganda kwa mikono miwili na kuligeuza uso juu ndipo unalifungua, la sivyo magurudumu na vispringi vya breki huruka, na kispringi kikianguka sakafuni pale kwetu kilikuwa kimeondoka duniani. Nikaufuata utepe hadi pasipo na mkunjo, kushoto na kulia. Nikalaza ncha moja juu ya nyingine, sawasawa, nikakata zote mbili kwa wembe mmoja, pigo moja, ili zikutane bila pengo wala kupandana. Pengo likiwepo gundi hugusa kichwa. Utepe ukipandana, kichwa hugonga ukingo. Mkono wangu ulitetemeka, Fundi akaniwekea kidole chake kwenye rula bila kusema kitu.

Upande wa kubandika ni ule usiogusa ngoma, yaani ule unaotazama ndani ya ganda. Gundi ni ile ya kuungia kanda tu. Selotepu ya dukani hutoa ute joto likipanda, na Mombasa ni lini joto halijapanda? Kipande cha sentimita mbili hivi, kikandamizwe kwa ukucha, kingo zikatwe zisizidi upana wa utepe. Ile milimita 12.7 niliijua siku hiyo kwa macho.

Kanda iliyoungwa haiazimishwi. Yachezwa mara moja, kwa kunakiliwa. Tukakitengeneza kitairi kwa msasa laini na spiriti, tukaunga deki mbili, waya wa njano wa picha na mweupe wa sauti, tukakaa. Filamu hunakiliwa kwa muda ule ule inaochezwa, dakika kwa dakika. Yetu ilipungua robo dakika.

Ami alikuja magharibi. Nikamwambia. Hakusema kitu, akataka aone pale palipokatwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Kwenye deki za mono, za sauti ya mkondo mmoja, kama zetu, picha husomwa na vichwa vya kwenye ngoma, lakini sauti husomwa mbele zaidi, na kichwa kingine kisichozunguka. Kutoka ngoma hadi hapo ni karibu sentimita 8. Kiungo kinapita kwenye picha kwanza, kisha, baada ya sekunde tatu na kitu, kinafika kwenye sauti. Kwa hiyo msichana yuko barabarani. Skrini ikapata chenga, ikatulia, akawa ameshafika mbele huko. Lakini wimbo bado unampigia pale alipokuwa. Sekunde tatu nzima miguu imefika na muziki uko njiani. Halafu muziki nao ukaruka.

Ami alikuwa akigonga kioo kwa vidole viwili, kama kawaida yake. Picha iliporuka hakusita. Sauti iliporuka, kidole kilishuka mahali pasipo na kitu. Akakiangalia.

"Picha mwaweza kunikatia," akasema. "Mdundo je?"

Fundi akamweleza kwamba yawezekana. Pigo moja la wimbo wa mbio vile halifiki nusu sekunde, ni kama sentimita moja ya utepe. Tukiondoa nusu senti hapa, tukisikiliza, tukiondoa tena kidogo, tutaufikisha mahali pake. Kunakili upya tena saa mbili, bila malipo. Alikuwa anasema kweli, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta wembe.

Ami alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Acha," akasema. "Mkikata tena nitaanza kupasikia pengine."

Akalipa nusu, akaondoka na nakala. Sijui kama alipazoea. Mimi nilipazoea: nakala moja ya ziada ilibaki dukani, tukaicheza mara nyingi, na kila mara mwili wangu ulijiandaa kabla ya chenga. Adam Schlesinger, aliyeutunga wimbo ule mwaka wa tisini na kitu ukasikika kama wa 1964, alifariki Aprili 2020 kwa korona. Siku ile niliusikiliza kwenye simu, kitu kitupu bila picha, na bado nilingoja kidole kikose.

Kinachonisumbua ni kingine. Zile sekunde 15 deki ilizimwaga baada ya kuzisoma. Katika kanda ile, mtu wa mwisho kuziona ni mimi. Nilizitazama kwa macho mawili, hata nikaacha kazi kwa ajili yazo. Jana zilipopita sikukumbuka hata moja.

Nikamwomba binti yangu arudishe nyuma. Akasema siku hizi mtu harudishi, anagusa tu. Akagusa. Msichana akapiga ukelele, nikaanza kuhesabu kwa sauti, na nilipofika tisa nikaambiwa ninyamaze, watu wanasikiliza wimbo.