Frankfurt, kwa Muuza Viungo

Shemeji yangu anafanya kazi uwanja wa ndege wa Frankfurt. Nilipomwambia nataka kuona sanaa, alicheka. "Hapa ni hela tu, shemeji. Ukitaka sanaa panda treni uende Berlin." Nikamwacha na zamu yake, nikapanda treni ya mjini. Robo saa hivi umefika stesheni kuu.

Ukitoka stesheni unapokewa na maghorofa. Mbele ya mojawapo imesimamishwa tai ya shingoni ya urefu wa mita 12 hivi, juu chini, ncha yake ikipepea angani. Ni kazi ya Claes Oldenburg na mkewe Coosje van Bruggen, ya mwaka 1994. Wafanyakazi wa benki walikuwa wakiipita na kahawa zao bila kuinua macho. Haiko mbali na minara pacha ya Deutsche Bank, ambayo wenyeji wameipachika jina la Debiti na Krediti.

Nikavuka mto Main kwa daraja la waendao kwa miguu. Ng'ambo, makumbusho yamepangana kando ya maji, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, chini ya miti watu walikuwa wakiuza vitu vyao vya zamani: sahani, redio, viatu. Sikukawia, nilikuwa nayatafuta makumbusho ya sanaa ya Städel.

Hapo ndipo niliposhindwa kukubaliana na shemeji. Hela na sanaa katika mji huu ni ndugu wa tumbo moja. Johann Friedrich Städel alikuwa mfanyabiashara wa viungo aliyegeuka kuwa mtu wa benki. Hakuoa, hakuacha mtoto. Mwaka 1815 aliandika wosia kwamba nyumba yake, fedha na picha zake ziwe za umma, na wasanii vijana wasomeshwe. Akafariki mwaka uliofuata, ndugu wakakimbilia mahakamani, kesi ikavutana miaka. (Mirathi ni mirathi, hata Ulaya.) Na kama alikuwa akiuza karafuu, hazikuwa za Pemba, enzi zake za biashara, mikarafuu ilikuwa haijashamiri visiwani kwetu.

Ndani nilikaa zaidi mbele ya picha ya mchoraji Mholanzi Vermeer, ya mwaka 1669, ya mwanajiografia. Ni ndogo, upana wake hata nusu mita haufiki. Mtu amevaa joho la buluu, ameinamia ramani, bikari mkononi, mwanga wa dirisha unampiga usoni. Juu ya kabati nyuma yake kuna tufe la dunia, nalo limegeuzwa upande wa Bahari ya Hindi. Bahari yetu, ndani ya chumba cha Mholanzi, wakati meli za Kampuni ya India ya Mashariki zikiikata kufuata viungo! Nilisogea kutafuta pwani yetu hadi mlinzi akakohoa.

Mshairi Goethe, aliyechorwa na Tischbein, naye yupo, amejilaza na kofia lake pana. Ana miguu miwili, yote ya kushoto. Ukishaligundua hilo, uso wake huuoni tena.

Sanaa mpya iko chini ya ardhi, katika ukumbi uliofunguliwa 2012, wenye matundu ya duara 195 darini yanayoingiza mwanga kutoka bustanini. Upande wa pili wa mto kuna MMK, makumbusho ya sanaa ya kisasa, jengo la pembetatu. Mwaka 2014 mwandaaji wa maonyesho Simon Njami alikusanya humo wasanii wa Kiafrika katika maonyesho ya pepo, toharani na jehanamu. Hayo ndiyo ningeyafungia safari.

Nilimalizia Portikus, ukumbi mdogo kisiwani mtoni, unaoendeshwa na chuo cha sanaa kilichotokana na wosia ule wa Städel. Kiingilio bure. Wanafunzi wawili waliokaa nje hawakutaka kuzungumzia maonyesho. Walizungumzia kodi ya chumba, na jinsi wanavyojibana watatu ndani ya nyumba ya watu wawili, dirishani wakitazamana na minara ya benki.