Siku ya kingatiba Lindi: fimbo, vidonge na maneno mengi

Saa 12 asubuhi
Leo ni kingatiba ya matende na mabusha, yaani kugawa dawa kwa jamii nzima, wazima na wagonjwa. Stoo ya dawa inafunguliwa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wameshajaa kibarazani. Kila mmoja anasaini leja na kuchukua vidonge vya minyoo, Ivermectin na Albendazole, daftari la kaya na fimbo ya kupimia urefu. Hatubebi mizani, urefu ndio unaoamua dozi. Kuanzia sentimita 90 ni kidonge kimoja cha Ivermectin, ukifika 159 ni vinne. Albendazole ni kimoja tu. Walio chini ya sentimita 90, wajawazito, mama aliyejifungua ndani ya wiki moja na mgonjwa aliyezidiwa tunawapita.

Kabla hawajatawanyika nawakumbusha: mtu ale kwanza, kisha ameze mbele yenu. Vidonge vilivyoachwa mezani msiviandike.

Saa 2
Tuko Mtanda. "Bibi Afya, mimi siumwi, nimeze ya nini?" Swali hili nalisikia kila kaya, na ni la haki kabisa. Najibu hivi: minyoo ya matende hukaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayopitisha majimaji ya mwili, miaka sita hadi minane, ikizaa vimelea wachanga. Hao hujitokeza kwa wingi kwenye damu usiku, saa zilezile mbu anapouma. Kwa hiyo unaweza kuwa mzima wa kulima na kucheza ngoma, huku mbu akichota kwako na kumpelekea jirani. Dawa inawafagia wachanga, lakini minyoo wakubwa wengi hubaki, ndiyo maana tunarudi kila mwaka. Kazi hii nchini ilianzia Mafia mwaka 2000.

"Na mbona bure?" Kwa sababu watengenezaji wake wanaitoa kama msaada. Hapo wengine ndipo wanapozidi kushuku.

Saa 4
Kijiwe cha wavuvi. Kijana mmoja kapimwa, kapewa vidonge vyake, kanywa maji, halafu kanyamaza ghafla. Namuuliza mashua inatoka saa ngapi leo. Inambidi ajibu, na vidonge viwili vinaonekana shavuni. Wenzake wanaangua kicheko. Anasema amesikia dawa hii inamaliza nguvu za kiume.

Nafungua mdomo nieleze, mzee aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa busha ananiwahi: "Nguvu gani hizo utakazozilinda na busha la kilo mbili? Meza we mtoto!" Kijana anaomba maji mengine.

Miaka yote ya chuo cha afya ya jamii hakuna mhadhiri aliyenifundisha jibu hilo, na hata ningefundishwa nisingelitamka. Ndiyo maana siendi kijiweni bila kutafuta kwanza nani anasikilizwa pale. Mzee huyohuyo, hata hivyo, anasisitiza kwamba busha lake lilitokana na madafu. Namwambia, "Baba, ni maji yanayojaa kuzunguka korodani baada ya minyoo kuharibu mishipa. Madafu kunywa tu." Ananitazama kwa huruma.

Saa 7
Wali na samaki wa nazi. Simu naigeuza kifudifudi.

Saa 8
Nyumbani kwa bibi mwenye matende mguu wa kushoto. Vidonge havitaurudisha mguu ule ulivyokuwa, na sipendi kumdanganya. Kinachompunguzia homa na maumivu ni usafi. Mjukuu analeta beseni, maji ya baridi na sabuni ya kipande. Tunaosha taratibu, mkunjo kwa mkunjo, maana humo ndimo vidonda vidogo hujificha na bakteria kuingia. Kisha tunakausha katikati ya vidole kwa kitambaa laini, bila kusugua. Mguu unawekwa juu ya kigoda chenye mto. Mjukuu anauliza kama ni kila siku. Ndiyo, kila siku, na usiku akilala auinue.

Saa 10
Ukaguzi wa vyoo. Culex, mmoja wa mbu wanaoeneza matende, anazaliana kwenye maji machafu: mitaro na mashimo ya vyoo. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga chembe za plastiki nyepesi mashimoni. Zikaelea juu ya maji, viluwiluwi wakakosa pa kupumulia. Mimi nafurahia hadithi hiyo kuliko kampeni yoyote ya mabango, na nasikitika kuona tunagawa vidonge kwa bidii huku mashimo yakibaki wazi. Leo nimeacha maagizo ya kufunika. Kufuatilia kutahitaji mafuta ya pikipiki.

Saa 12 jioni
Majumuisho. Shirika la Afya Duniani linataka waliomeza wafike angalau asilimia 65 ya watu wote, na katika hao wote wanahesabiwa hata wasioruhusiwa kumeza. Daftari lenye madoa, mikato na "hayupo, yuko shamba" naliamini. Daftari safi, kila mstari umejaa, hilo kesho narudia nyumba chache mwenyewe.

Saa 3 usiku
Simu ya mhudumu: mama mmoja ana kizunguzungu na mwasho. Maudhi madogo madogo hayo mara nyingi hutokana na vimelea kufa mwilini. Anywe maji, apumzike, na akizidiwa apelekwe kituoni usiku huuhuu. Namwomba mhudumu akalale jirani na simu. Wavuvi waliokuwa baharini leo wanarudi alfajiri, na wamesema tuwakute ufukweni kabla hawajauza samaki.